Tezi ya Shingo Ikilegea, Moyo Nao Huathirika

Wengi wetu tukisikia maradhi ya tezi ya shingo, fikra huenda moja kwa moja kwenye rovu, ule uvimbe usiofichika. Lakini tezi hiyo yaweza kuharibika kidogo kidogo pasi na uvimbe, homa wala maumivu. Mama huamka amechoka, ngozi humkauka, choo huwa kigumu, na uzito huongezeka ilhali chakula ni kile kile. Nyumbani huambiwa ni umri au ni uvivu, na pengine hudhaniwa ni jicho la hasidi. Wasomaji wetu wapenzi, twalileta jambo hili kwenu kwa sababu kiungo kinachoweza kudhurika katika kimya hicho ni moyo.

Amri na utekelezaji

Tezi hii, yenye umbo la kipepeo, imekaa mbele ya shingo. Kazi yake ni kutoa homoni zinazoongoza kasi ya mwili: joto, matumizi ya chakula na mapigo ya moyo. Amri huipata kutoka kwa tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, kwa njia ya homoni iitwayo TSH. Mfano wake ni nahodha na mabaharia: wakilegea, hupaza sauti, wakizidisha kasi, hunyamaza. Kwa hivyo TSH ikipanda, aghalabu tezi imelegea. Ikishuka mno, tezi imezidisha kazi. Hali huitwa hafifu pale TSH inapobadilika ilhali homoni za tezi yenyewe zingali katika kiwango cha kawaida. Ni kipimo cha damu tu kinachoweza kuifichua.

Moyo unavyoguswa

Tezi ikilegea, ini huondoa kolesteroli kwa uzito, nayo hurundikana katika damu. Mishipa hukakamaa, na moyo hushindwa kutulia barabara kati ya pigo na pigo. Mwaka 2010 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 11 za watu zaidi ya 55,000. Ulionyesha kwamba hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo hudhihirika TSH inapofika 10 na kuendelea. Ikiwa chini ya 7, hatari hiyo haikuongezeka.

Tezi ikizidisha kazi, moyo huenda mbio na mapigo huweza kupoteza mpangilio. Utafiti wa Framingham, Marekani, uliochapishwa mwaka 1994, uliwafuatilia watu wa miaka 60 na zaidi. Wenye TSH ya chini sana walipatwa na mapigo hayo yasiyo na mpangilio takriban mara tatu kuliko wenzao katika muda wa miaka 10. Damu huweza kuganda ndani ya moyo wa namna hiyo, kisha ikaleta kiharusi. Ndiyo maana twawaonya dada zetu: dawa ya tezi si dawa ya kupunguza mwili.

Si kila mtu apewe vidonge

Iwapo kipimo kimepanda kidogo, tabibu huweza kukirudia baada ya miezi miwili au mitatu, kwani mara nyingine hurejea chenyewe. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2017, uliowahusu watu 737 wa miaka 65 na zaidi, uliona kuwa vidonge havikuwapunguzia uchovu wenye hali hafifu. Lakini mwenye mimba au anayeitafuta, mwenye TSH ya 10 na zaidi, na mwenye maradhi ya moyo, wasicheleweshe kuonana na tabibu.

Aliyeandikiwa levothairoksini aimeze kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu avitenge nayo kwa saa nne. Ramadhani inapokaribia, amwulize tabibu wake: wengine huimeza kabla ya daku, wengine wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha mwisho. Asiiache mwezi mzima kwa kudhani kuwa funga na dawa haviwezi kwenda pamoja.

Nanyi waume na watoto, mama akilalamika kuwa nguvu zimemwishia, msitangulize lawama. Mpelekeni akapimwe TSH, shinikizo la damu na kolesteroli, kisha majibu myahifadhi, ili kipimo cha mwakani kipate cha kulinganishwa nacho.