Nyimbo ndefu za roki zilipopigiwa kura barazani

Wasomaji wapenzi, najua kabla sijafika aya ya pili kwamba wako watakaotikisa kichwa. Mtu mzima wa Mji wa Kale, mwenye mvi na kanzu yake, ana nini na magitaa ya Wazungu? Sikuja hapa kutoa fatwa kama muziki wafaa ama haufai. Wenye elimu yao wapo, nao wamekwisha kulisema hilo. Nataka kusimulia juu ya kura iliyopigwa barazani kwangu Jumamosi moja baada ya Isha, na jinsi nilivyoiharibu.

Chanzo cha yote ni sanduku la sahani za santuri aliloniachia marehemu kakangu. Alikuwa baharia wa meli za mizigo, na kila aliporudi kutoka Rotterdam au Liverpool alikuja na kitu cha mama, kitu cha watoto, na sahani moja ya kwake. Wenziwe walinunua nyimbo fupi za dansi. Yeye alipenda zile ambazo wimbo mmoja hula upande mzima, sindano ikaenda mpaka katikati bila kupumzika. Mimi nilianza kwa kumcheka, kisha nikanaswa. Tangu 1984 mpaka alipofariki mwaka 2019, Mungu amrehemu, tulibishana juu ya jambo moja tu: upi kati ya nyimbo hizo ndio bora. Hatukuafikiana hata siku moja.

Kwa asiyeujua muziki huu, urefu wake una sababu iliyo wazi. Sahani ndogo ya inchi 7 huchukua dakika tatu au nne, basi na nyimbo zikawa za dakika tatu au nne. Mwaka 1948 ikatoka Marekani sahani ya inchi 12 izungukayo polepole, ambayo upande mmoja hubeba dakika 20 na ushei. Kwa miaka mingi watu wa roki waliijaza kwa nyimbo fupi fupi zilizopangwa kama shanga. Mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, vijana wa Kiingereza, wengine wao wakiwa wamesomea piano, wakajiuliza kwa nini upande mzima usiwe wimbo mmoja. Mtindo huo ukaitwa progresivu. Baadaye watu wa metali, ambao magitaa yao ni mazito zaidi na ngoma zao ni za vita, wakaurithi.

Lakini sisi wa pwani hatuwezi kushangazwa na urefu. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja, na mghani huanza jioni watoto wakiwa macho akaendelea wote wameshalala. Na ni nani kati ya wazee wetu asiyekumbuka redio ya Cairo, Umm Kulthum akiimba Enta Omri, wimbo uliotoka mwaka 1964, saa nzima ikapita hajaumaliza? Hapo ndipo nilipoanzia hoja yangu kwa wenzangu barazani. Nilisema urefu uko wa namna tatu. Utenzi ni mrefu kwa sababu kisa ni kirefu: sauti ya kughania husimama pale pale ubeti hata ubeti, kisa ndicho kiendacho. Umm Kulthum ni mrefu kwa sababu ya kurudia: mstari mmoja huimbwa tena na tena, kila mara kwa pambo jipya, kwa kuwa watu ukumbini wanamlilia aurudie. Na hawa wa roki, aghalabu, ni warefu kwa sababu sauti yenyewe inasafiri. Huanza mahali, ikabadilika mara tano, maneno yakachukuliwa humo kama abiria tu. Namna hii ya tatu ndiyo iliyo rahisi kuharibika, kwani mpigaji akikosa la kusema bado vidole vyake vinaweza kwenda mbio.

Tulikuwa watu watano. Mimi, mpwa wangu, mtoto wa marehemu, ambaye ni karani bandarini, rafiki yake apigaye gitaa katika hoteli za huko Nyali, jirani yetu, mwalimu mstaafu, na mama watoto wangu, ambaye alikuja na birika la kahawa kisha akakataa kuondoka. Kila mtu ampe wa kwanza alama tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa nne asipate kitu. Kura ziwe za siri, zitiwe katika mkebe wa biskuti.

Kuchagua wagombea kulitaka moyo. Mwalimu alitaka Bohemian Rhapsody ya Queen, kwa hoja kwamba Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, na kwamba limo ndani yake neno lile tulianzialo kila jambo la kheri. Akaongeza kwamba Uholanzi, tangu 1999, kuna redio iwapigishayo wasikilizaji kura kila mwisho wa mwaka, nyimbo 2,000 zikapigwa kuanzia Krismasi hadi mkesha wa mwaka mpya, na huo ndio ulioshika nafasi ya kwanza mara nyingi kuliko wowote. Yote kweli. Lakini hauzidi dakika sita, tukamwambia huo ni kijana, asubiri akue. Manowar nao tukawaondoa. Wimbo wao juu ya Akile shujaa wa Wayunani, wa mwaka 1992, una dakika 28, na katika baadhi ya dakika hizo mtu mmoja anapiga ngoma peke yake. Thick as a Brick ya Jethro Tull ya 1972 hula pande zote mbili za sahani, na kahawa isingetosha.

Wakabaki wanne, jumla saa moja na robo, bila kuhesabu kugeuza sahani na kufuta vumbi.

Wa kwanza ulikuwa wa marehemu: Close to the Edge wa kundi la Yes, Uingereza, 1972, dakika 18 na ushei. Waanza kwa maji na ndege, kisha magitaa yakaruka kama samaki wavuni. Katikati kila kitu hutulia, na kinanda kikubwa cha kanisa, ambacho Rick Wakeman alikipiga katika kanisa moja la London, hujaza nyumba mpaka vikombe vikatetemeka. Kijana wa gitaa alitueleza kwamba haukupigwa kwa pumzi moja. Waliurekodi vipande vipande, kisha tepu zikakatwa na kuungwa. Sikuusikia mshono. Wanasema asili yake ni kitabu cha Mjerumani Hermann Hesse juu ya mtu atafutaye ukweli kando ya mto. Huenda. Kakangu aliuimba miaka na miaka, nikimwuliza maana ya maneno yake hujibu kwamba baharia haulizi maji maana yake.

Wa pili ni 2112 wa Rush, watu watatu tu wa Kanada, mwaka 1976. Huu nao una kisa nyuma yake. Sahani yao ya mwaka 1975 ilikuwa na wimbo mrefu wa upande mzima na haikuuzwa. Kampuni ikawataka watunge vifupi vya redioni. Wao, wakijua kwamba huenda ndio mwisho wa kazi yao, wakaketi wakatunga dakika 20 nyingine! Sahani hiyo ndiyo iliyowatajirisha. Na wimbo wenyewe unasema hilo hilo: katika mwaka 2112 makuhani wanatawala kila neno na kila sauti; mtu mmoja anaokota gitaa la kale pangoni, anajifunza kulipiga, analipeleka kwa makuhani kwa furaha, nao wanaliponda. Mwalimu aliinama mbele, hakugusa kahawa. Mama watoto hakupendezwa na mwisho wake, kwani mtu yule anajiua. "Kaonewa, kisha ajimalize mwenyewe?" akauliza. "Kwani hana mama?"

Wa tatu ni wangu. Rime of the Ancient Mariner wa Iron Maiden, 1984, dakika 13 na ushei. Mfupi kuliko wenziwe wote. Jalada la sahani hiyo lina hekalu la Misri na sanamu la kutisha kama Firauni, na mama, Mungu amrehemu, alipoliona mara ya kwanza aliligeuza uso chini, na miaka yote aliyoishi halikupata kutazama juu. Steve Harris, mpiga gitaa la besi, alilichukua shairi la Samuel Taylor Coleridge la mwaka 1798 akalitia katika metali. Baharia amuua albatrosi, ndege mkubwa wa bahari za kusini aliyewaletea upepo mwema. Upepo unakufa. Maji kote, na hakuna tone la kunywa. Wenziwe wanamvika mzoga wa yule ndege shingoni, kisha yaja merikebu isiyo na watu wa kawaida, nao wanaanguka mmoja mmoja, mia mbili, yeye akabaki. Ndege hamwachii shingo mpaka siku alipowatazama viumbe wa baharini akawabariki kwa moyo wake. Na adhabu yake ni kukisimulia kisa hicho mpaka mwisho wa umri.

Hapo katikati, magitaa yote yanakoma. Husikii ila besi moja ya chini, mbao za chombo zikilia, na mtu akisema maneno ya Coleridge kwa sauti ya taratibu. Mama watoto hajui Kiingereza cha namna hiyo. Aliweka kikombe chini akasema, "Hapo ni shwari." Nami nilikuwa sijamsimulia kisa bado. Nilipomaliza kumsimulia, na jinsi ambavyo katika shairi baharia yule amshika mgeni mlangoni pa harusi akamzuia mpaka kisa kiishe, alisikitika zaidi kwa yule mgeni, kwamba alikosa biriani.

Wa nne aliuleta mpwa wangu katika simu, kwa kuwa sahani yake hatuna: A Change of Seasons wa Dream Theater wa Marekani, 1995, dakika 23. Walikuwa nao tangu 1989 haujarekodiwa, mpaka wapenzi wao wakakusanya sahihi kuudai. Kwangu mimi ulikuwa na vidole vingi. Nilisema hivyo kwa sauti, nikamwona mpwa wangu ametazama simu yake.

Tukapiga kura. Nami, wasomaji, nafsini mwangu nilijua mpango wangu wa haki: Iron Maiden wa kwanza, Rush wa pili, Yes wa tatu. Lakini nilimtazama Mwalimu alivyoinama mbele, nikamtazama na kijana wa gitaa alivyokuwa akitikisa mguu kwa Rush, nikafanya hesabu. Nikaandika Iron Maiden tatu, Yes mbili, Dream Theater moja, Rush si kitu.

Mkebe ulipofunguliwa: Iron Maiden 9, Rush 8, Yes 8, Dream Theater 5. Nilipiga kofi. Mpwa wangu alizichukua zile karatasi tano akazitandaza juu ya mkeka kama mchezaji karata, akaiweka kando ile iliyoandikwa kwa wino wa bluu. Mimi peke yangu barazani huandika kwa wino.

"Ami," akasema, "wewe mwenyewe umesema usiku huu huu kwamba Rush ni wa pili. Umesema kabla hatujaanza kuandika."

Ni kweli nilisema. Mwalimu akatoa kalamu yake akapiga hesabu upya: kwa kura yangu ya haki, Rush ana 10, Iron Maiden ana 9. Sisi Wakenya tumeona kura nyingi, lakini ni haya mtu kukamatwa kwa alama moja mbele ya mkewe. Nilijitetea kwamba walau Yes wa marehemu nilimpa mbili. Mpwa wangu akajibu kwamba yeye hakumpa kitu, na kwamba baba yake angependa si kitu cha kweli kuliko mbili za kununuliwa.

Baadaye, wenzetu walipokwisha kwenda, alikaa kitambo akaniambia juu ya ule wimbo wake wa vidole vingi. Mike Portnoy, mpiga ngoma wa Dream Theater, ndiye aliyetunga maneno yake. Alimpoteza mama yake katika ajali ya ndege angali kijana, na hayo yamo humo, katikati ya hizo mbio zote. Sikuwa nimelisikia hata neno. Nilikuwa nikimwangalia Mwalimu.

Kura itarudiwa Jumamosi ijayo. Mwalimu atashika mkebe, na mimi nimepewa kalamu ya risasi kama watoto wa chuoni. Usiku wa jana niliazima simu ya mpwa wangu, nikausikiliza A Change of Seasons mara mbili, dakika 46, taa imezimwa. Bado sijaamua.