Kucheza Bila Kuruka: Yaliyofichika Ndani ya Mchezo wa Mario



Katika malalamiko ya akina mama wa zama hizi, la michezo ya video halikosekani. Mtoto huketi mbele ya kioo tangu alasiri hata isha, akiitwa haitiki, na mama hujiuliza ni kitu gani kilichomo mle kinachomshika namna hiyo. Swali hilo ni zuri, na lastahili kujibiwa kwa ujuzi kabla ya kujibiwa kwa hasira. Basi juma hili na tutazame mchezo mmoja mashuhuri, na watu walioucheza kwa namna ambayo waundaji wake hawakuidhania.

Mchezo wenyewe

Super Mario 64 ulitolewa na kampuni ya Nintendo huko Japani mwezi wa Juni 1996. Mhusika wake, Mario, ni fundi wa mabomba mwenye masharubu. Huingia ndani ya picha zilizotundikwa katika kuta za kasri, na kila picha ni mlango wa ulimwengu mwingine. Humo hukusanya nyota, ambazo jumla yake ni 120, na mwishowe hupambana na adui aitwaye Bowser.

Kazi kubwa ya Mario ni kuruka. Huruka mashimo, huruka maadui, huruka kutoka jabali moja hadi jingine. Na kuruka huko hufanywa kwa kitufe kimoja tu cha pedi, kitufe A.

Sharti la kujiwekea

Wako wachezaji waliojiwekea sharti la ajabu: kuumaliza mchezo huu kwa kukibonyeza kitufe A mara chache kabisa, na ikiwezekana wasikibonyeze hata mara moja. Hakuna aliyewalazimisha, wala mchezo wenyewe hauwapi tuzo kwa hilo. Ni mfano wa nahodha aliyeamua kusafiri bila tanga. Itambidi aijue mikondo ya bahari kuliko alivyoijua alipokuwa na tanga.

Aliyejulikana zaidi katika jambo hili ni Mmarekani anayetumia jina la pannenkoek2012. Mwezi wa Januari 2016 alitoa video ndefu akieleza namna ya kuipata nyota moja kwa nusu ya mbonyezo. Wengi walicheka. Mbonyezo una nusu? Yeye akafafanua kwa utulivu kwamba kubonyeza kuna sehemu tatu: kukigandamiza kitufe, kukishikilia, na kukiachia. Mahali pengine mchezo huhitaji kushikilia tu, na mchezaji aweza kuingia humo akiwa amekwisha kukigandamiza kitufe tangu mahali palipotangulia. Akihesabu mbonyezo mzima hapa na mzima kule, atakuwa amehesabu kitu kimoja mara mbili. Kwa hiyo akaandika nusu, hesabu isizidi wala isipungue.

Kasoro zenye kufungua milango

Bila kuruka, watapitaje? Hupita kwa kuzitumia kasoro za programu. Katika nyota ile ya nusu mbonyezo, kasoro iliyotumiwa yaweza kueleweka kwa mfano wa mita ya gari kuukuu. Mita yenye tarakimu tano ikifika 99999, hatua inayofuata hurudi 00000, ingawa gari halikurudi lilikotoka.

Ndivyo ilivyo kwa Mario. Mchezo huweka mahali alipo kwa namba inayoweza kuwa kubwa sana. Lakini unapotazama kama pana sakafu chini ya miguu yake, hutumia namba fupi, ambayo mpaka wake ni kutoka hasi 32768 hadi 32767. Ikivuka mpaka huo, namba huzunguka na kuanza upya. Basi Mario akiwa umbali wa vipimo 65536 kutoka uwanjani, katika utupu usioonyesha chochote, mchezo hudhani bado yumo uwanjani na humpa sakafu ya kusimama. Wachezaji wameyaita mahali hapo ulimwengu sambamba.

Kufika huko kwahitaji kasi kubwa mno. Katika mpango wa video ile, Mario hukusanya kasi kwa muda wa saa 12 akiwa mahali pamoja, kisha hutupwa nje ya uwanja na kurudi kwa hesabu iliyopangwa hatua kwa hatua.

Mfano wa pili ni wa subira zaidi. Nintendo iliutoa tena mchezo huu kwa mashine ya Wii. Katika mashine hiyo, namba ndogondogo hukatwa kwa namna tofauti kidogo na mashine ya asili. Matokeo yake, ndani ya uwanja wa bahari ya moto, majukwaa fulani yanayopanda na kushuka hayarudi sawasawa pale yalipoanza. Kila mara hubakia juu kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Mashine ikiachwa inawaka kwa takriban siku tatu, jukwaa huwa limepanda kiasi cha kumfikisha Mario alikokuwa hawezi kufika bila kuruka. Mwaka 2024 mchezaji anayejiita Marbler aliumaliza mchezo kwa njia hii bila kukibonyeza kitufe A hata mara moja, na safari yake ilichukua zaidi ya saa 80.

Dhana na hakika

Liko jambo jingine lipasalo kutajwa. Mwaka 2013 mchezaji mmoja alikuwa akishindana ndani ya uwanja wa saa kubwa, na ghafla Mario akajikuta juu zaidi pasipo sababu. Pannenkoek2012 aliahidi dola 1000 kwa atakayeweza kulirudia tukio hilo. Baadaye akaonyesha kwamba badiliko la alama moja tu katika namba inayohifadhi kimo cha Mario huleta matokeo yale yale. Watu wakaeneza habari kwamba chembe iliyotoka anga za juu ndiyo iliyoigonga mashine. Laweza kuwa kweli, lakini halijathibitishwa, na wanaoufahamu mchezo huu vyema hulitaja kama dhana. Kupambanua baina ya linalodhaniwa na lililothibiti ni adabu ya elimu popote elimu ilipo.

Uaminifu huo huonekana pia katika namna wanavyotangaza kazi zao. Nyingi katika njia hizi hutengenezwa kwa msaada wa kompyuta, ambapo mchezo husimamishwa kila sehemu ndogo ya sekunde na kila hatua huchaguliwa kwa makini. Anayefanya hivyo husema wazi kwamba amefanya hivyo, na kazi yake haichanganywi na ya aliyecheza kwa mikono yake mfululizo. Kuficha ndiko kunakohesabiwa udanganyifu.

Nasi tufanyeje nyumbani?

Wazazi wenzangu, haya yote hayamaanishi kwamba kila mtoto aliyeshika pedi anasoma hesabu. Walio wengi wanapitisha wakati tu. Lakini iko tofauti kubwa kati ya mtoto anayecheza ili ashinde na mtoto aliyesimama akauliza, kwa nini ukuta huu umenipitisha? Huyo wa pili amegonga mlango wa elimu ya kompyuta, na akifukuzwa mlangoni hapo kwa makelele, huenda asiurudie tena.

Kwa hiyo, mama, kabla hujachomoa waya ukutani, keti naye kitako siku moja umwambie: nieleze, mwanangu, hiki kinafanyaje kazi? Akiweza kueleza, mpe daftari aandike, na umtafutie mwalimu wa kompyuta ikiwa uwezo upo. Asipoweza kueleza lolote baada ya miezi ya kucheza, hapo umejua wakati wake unakwenda wapi.

Na saa ziwe na mpaka kwa wote wawili, yule mdadisi na yule asiye mdadisi. Mashine ya Wii yaweza kungoja siku tatu jukwaa lipande. Mtoto hawezi. Ana swala, ana masomo, ana usingizi, na ana nyanya yake barazani anayetaka kuamkiwa. Tena yeye mwenyewe aambiwe kwamba hao mabingwa wamepata ujuzi wao kwa kujinyima jambo moja kwa hiari. Anayeweza kujizuia kitufe anaweza pia kujizuia saa. Mwekeeni sharti hilo pamoja naye, alikubali kwa kinywa chake, kisha mumhesabie kwa uadilifu, hata nusu saa ihesabiwe kuwa nusu.

Wabillahi tawfiq.