Pazia la Saa Mbili Asubuhi

Ofisi yenye madirisha ya mashariki, iwe Dar es Salaam au Mombasa, huijua taabu yake mapema. Saa 2 jua lingali chini, linapenya hadi mezani, na mtu anavuta pazia. Adhuhuri jua limeshahamia juu ya paa, pazia bado limefungwa, na taa zote zinawaka.

Kinachotia kiwi machoni si mwanga mwingi tu. Ni mwanga mkali kukaa karibu na kitu hafifu unachojaribu kukisoma. Skrini ya kompyuta hutoa kandela mia mbili hivi kwa mita ya mraba. Wingu jeupe hufikia maelfu, na jua lenyewe hupita bilioni moja. Mwanga huo ukiingia jichoni hutawanyika na kufunika maandishi kama ukungu. Utawanyikaji huu huongezeka na umri, kwa hiyo mhasibu wa miaka 55 akilalamika, kijana wa meza ya pili asimcheke.

Pazia la ndani huyasaidia macho kuliko linavyopunguza joto. Miale ikishapita kioo, kitambaa huinywa, hupata moto na kuutoa kwa mionzi ambayo kioo hakiipitishi kurudi nje. Anayetaka ubaridi aweke kivuli nje ya dirisha. Rangi nayo ina mtego: kitambaa cheupe hurudisha joto zaidi, lakini jua likikipiga chenyewe kinang'aa. Cha kijivu kilichokoza, chenye matundu madogo, hutuliza macho na hukuachia mandhari ya nje.

Lakini tatizo kubwa, kwa maoni yangu, ni mkono. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1978, Arthur Rubin na wenzake wa taasisi ya viwango ya Marekani walipiga picha madirisha ya ofisi huko Maryland, wakabadilisha mapazia makusudi, kisha wakapiga tena. Watu waliyarudisha walivyoyataka, na baada ya hapo hawakuyagusa sana. Uamuzi wa asubuhi moja hudumu.

Kwa pazia la vipande vya kulala, geuza mpaka miale ya moja kwa moja ikatike tu. Mwanga unaobaki utagonga vipande na kwenda darini. Meza nayo ikae dirisha likiwa ubavuni. Na mhudumu anayeleta chai saa 4, apewe kabisa na kazi ya kufungua mapazia ya mashariki.