Saa ya Tizi Iende na Level Yako

Wasee wa Kendu Bay, tubonge kuhusu hizi saa za tizi. Ka unaamka mapema unashika lami ya kwenda Homa Bay kabla jua iwake, hauhitaji saa ya thao hamsini ndio uitwe mkimbiaji. Ka ndio unaanza, kazi yako ni dakika tu: nusu saa bila kusimama. Casio F-91W, ile ya plastiki kila msee anaijua, inakutosha. Betri inadumu miaka 7 hivi. Lakini stopwachi yake ikifika 59:59 inarudi ziro. Siku tizi yako itapita lisaa, hiyo saa umeimaliza.

Hapo sasa ndio GPS inaingia. Garmin Forerunner 55 ama Coros Pace 3 zinakuonyesha pesi ya kila kilomita venye unaenda. Kipchoge alikuwa na Coros, ni poa, lakini Berlin 2022 alikuwa anachapa 2:52 kwa kilomita. Usijinyime chakula ju ya kuvaa kama yeye. Ka doo bado, Strava kwa simu inasukuma kazi. Na ka unabuy mtumba, ivae kwanza, zunguka ziwa la Simbi Nyaima mara mbili kwa njia ileile. Umbali wa hizo raundi ukikataa kufanana, mrudishie mwenyewe.

Mimi naeza lipia saa ya kusoma mpigo wa moyo kabla ya kitu ingine yote. Hapa kando ya ziwa, Nam Lolwe, tuko mita 1,134 hivi na joto imejaa; Iten wako karibu 2,400, asubuhi ni baridi. Ukibeba programu ya Iten ukimbie nayo Kendu saa nne, moyo itapanda hata ka miguu bado iko fiti, ju damu mob inaenda kwa ngozi kupoza mwili. Hiyo siku sahau pesi, fuata moyo, shuka mdogo mdogo.

Saa za ramani na betri ya masiku ni za wale wanapanda Homa Hills na milima zingine. Wengine tuziache dukani.

Na ukishapata yako, ivae juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, ikaze. Ile taa ya kijani ya nyuma ya saa inasoma damu ikipita chini ya ngozi. Mkanda ikilegea na jasho iingie, inakupea namba za uongo.