Kuwaza kupita kiasi

Kuwaza kupita kiasi ni hali ya mtu kurudiarudia wazo lilelile, mara nyingi la kujilaumu, bila kufikia uamuzi. Watu husema "ana mawazo". Peke yake si ugonjwa, ila huambatana na sonona au wasiwasi.

Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita na Shinyanga, wachimbaji wengi hulipwa kwa mgawo wa viroba vya mawe. Duara lisipotoa kitu, kazi ya miezi hupotea, na mchimbaji huanza kujiona ana mkosi au hafai, ingawa dhahabu iliyoko chini ya mwamba haitegemei bidii yake. Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, alianzisha katika miaka ya 1960 tiba inayopima wazo kama hilo kwa ushahidi: nini kinalithibitisha, nini kinalipinga? Wengine hutenga nusu saa ya mchana kwa ajili ya kuwaza, na mawazo ya usiku huyaahirisha hadi hapo.

Lakini mchomaji dhahabu anayekosa usingizi, kusahau na kutetemeka mikono asidhani ni mawazo tu. Mvuke wa zebaki huleta dalili hizohizo, na anapaswa kwenda hospitali.