Lüneburg, mji uliokalia chumvi

Ukipanda treni kutoka Hamburg kuelekea kusini-mashariki, utakwenda kilomita zipatazo 50 bila kuona kilima cha maana. Nchi ile ni tambarare: mashamba ya viazi, misitu ya misonobari, na mchanga ulioachwa na barafu kubwa zilizoshuka kutoka Skandinavia katika zama za kale. Mwamba wenyewe umezikwa chini kabisa. Kisha unafika Lüneburg, mji wa watu wapatao 75,000 kandokando ya mto Ilmenau, na magharibi mwa mji wake wa kale unakutana na jabali la jasi nyeupe limechomoza peke yake. Wenyeji huliita Kalkberg. Halifiki hata mita 60 juu ya usawa wa bahari, lakini katika nchi isiyo na mawe, jabali la namna hiyo lazima likufanye ujiulize limetoka wapi. Anayepata jibu ameshika ufunguo wa mji mzima: utajiri wake, ugomvi wake, hata sababu ya kuta zake kwenda upande.

Jibu linaanza zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Wakati huo sehemu kubwa ya Ulaya ya kati na ya kaskazini ilifunikwa na bahari ya kina kifupi, chini ya jua kali la jangwani. Bahari hiyo iliingia ikakauka, ikaingia tena ikakauka tena, na kila mara iliacha chumvi, mpaka matabaka yake yakafikia unene wa mamia ya mita. Baadaye mchanga, udongo na chokaa vikarundikana juu yake. Sasa, chumvi ina tabia mbili ambazo mawe mengi hayana. Ni nyepesi kuliko miamba inayoilalia, na ikibanwa kwa uzito mkubwa hutiririka taratibu, ingawa mkononi ni kitu kigumu. Kwa hiyo ilitafuta njia ya kupanda. Chini ya Lüneburg ilipanda kama kuba kubwa mpaka ikabakiza makumi machache tu ya mita kufika juu. Huko ikakutana na maji ya ardhini, yakaanza kuiyeyusha. Jasi, ambayo haiyeyuki upesi kama chumvi, ilibaki juu, na kipande chake kilichotokeza ndicho Kalkberg.

Maji yaliyopita kwenye chumvi hiyo yalitoka yameshiba. Lita moja ya maji ya kisima cha Lüneburg ilikuwa na zaidi ya gramu 300 za chumvi. Maji ya Bahari ya Hindi yana gramu kama 35 kwa lita, na sehemu kubwa ya bahari ya Baltic haifikishi hata gramu 10. Ukishika tarakimu hizi tatu, biashara ya miaka mia nyingi ya Ulaya ya kaskazini inaeleweka. Mtu wa pwani ya Baltic hakuweza kuanika maji ya bahari yake akapata chumvi, kwa kuwa maji yenyewe yana chumvi kidogo na jua ni haba. Chumvi ilipaswa kutoka mahali pengine.

Wenyeji wanayo hadithi ya namna kisima kilivyogunduliwa. Mwindaji alimuua nguruwe mwitu, akashangaa kuona manyoya yake yamekauka yakiwa meupe kwa chembe za chumvi, akafuata nyayo mpaka kwenye dimbwi alikogaagaa. Mfupa unaosemekana kuwa wa nguruwe huyo umehifadhiwa katika jumba la halmashauri ya mji. Hadithi ni hadithi. Hati iliyopo ni ya tarehe 13 Agosti 956, ambapo mfalme Otto wa Kwanza aliwapa watawa wa Mtakatifu Mikaeli, waliokaa juu ya Kalkberg, ushuru wa kiwanda cha chumvi. Maana yake ni kwamba mwaka huo kiwanda kilikwisha kuwapo na kilikuwa na faida ya kutosha kutozwa ushuru.

Kazi yenyewe ilikuwa ya moto na jasho. Kiwanda kilikuwa na vibanda 54 vya kuchemshia, na kila kibanda kilikuwa na makarai manne, jumla makarai 216. Makarai hayo yalikuwa ya risasi. Msomaji anaweza kushangaa, kwa sababu risasi huyeyuka kirahisi, kwenye nyuzi 327. Lakini maji yaliyoshiba chumvi huchemka kwenye nyuzi kama 108, na maadamu karai lina maji, joto lake haliwezi kupanda mbali na hapo. Kilichohitajika ni jicho la mchemshaji. Akisinzia, karai likakauka, hasara ilikuwa kubwa. Hata bila ajali makarai yalichakaa upesi, na kuyayeyusha ili kuyasubu upya ilikuwa kazi isiyokwisha. Kuni zilihitajika kwa wingi wa kutisha, usiku na mchana. Tanzania tunayo kazi iliyo ndugu na hii. Kule Uvinza, karibu na mto Malagarasi, watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na wafanyabiashara walikuja kutoka mbali kuifuata chumvi hiyo. Mkoloni wa Kijerumani alipofika aliitambua mali hiyo mara moja, na mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kijerumani ikaitwaa.

Mtu aliyeelewa mapema thamani ya Lüneburg ni Heinrich, mtawala aliyepewa lakabu ya Simba. Mji wa Oldesloe, upande wa kaskazini, nao ulikuwa na chemchemi ya chumvi iliyoanza kumharibia soko. Katika miaka ya 1150 akaamuru chemchemi hiyo iharibiwe. Mwaka 1189 aliuteketeza Bardowick, mji wa biashara uliokuwa jirani kabisa, na wafanyabiashara wake wakahamishia shughuli zao Lüneburg. Bardowick ipo mpaka leo, ni mji mdogo unaojulikana kwa mboga. Ni vigumu kuamini kwamba zamani ndio uliokuwa mkubwa.

Mteja mkuu wa chumvi alikuwa samaki. Katika mlango wa bahari kati ya Denmark na nchi ambayo leo ni Sweden, makundi makubwa ya heringi yalikuja kila mwaka mwishoni mwa majira ya joto. Heringi ana mafuta mengi na huoza upesi, kwa hiyo ilibidi atiwe chumvi mara tu baada ya kuvuliwa. Nao Wakristo wa Ulaya nzima walikatazwa nyama siku za Ijumaa na wakati wa Kwaresima. Wafanyabiashara wa Lübeck, mji mkuu wa muungano wa miji uliojulikana kama Hansa, wakayaunganisha mambo hayo: chumvi ya Lüneburg, samaki wa Kaskazini, na matumbo ya waumini. Mwanzoni chumvi ilibebwa kwa magari ya farasi. Mwaka 1398 ukafunguliwa mfereji wa Stecknitz, ulioanzia mto Elbe karibu na Lauenburg, ukapanda na kuvuka mgongo wa nchi unaotenga maji ya Elbe na maji ya Baltic, kisha ukashuka mpaka Lübeck. Mashua zilisubiri maji yakusanyike nyuma ya malango ya mbao, kisha yakaachiliwa kwa mpigo na kuzibeba. Kwa Ulaya ya wakati ule hiyo ilikuwa kazi ya uhandisi isiyo na mfano wa karibu, na ilifanywa kwa ajili ya chumvi.

Fedha hizo ziliwapa raia kiburi cha kumkabili mtawala. Mwaka 1371, katika vita vya kugombea urithi wa jimbo, wakazi wa Lüneburg waliiteka ngome ya mtawala iliyokuwa juu ya Kalkberg, wakaibomoa. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo askari wa mtawala waliparamia kuta za mji usiku ili kulipiza kisasi, wakashindwa katika mapigano ya mitaani. Tangu hapo mji ulijiendesha wenyewe kwa zaidi ya karne mbili, bila mtawala juu ya kilima chake.

Lakini uhuru uligharimu, na madeni ya vita yakazidi kupanda. Sehemu kubwa ya hisa za makarai ilimilikiwa na makanisa na nyumba za watawa zilizotawanyika kaskazini mwa Ujerumani, ambazo ziliyakodisha kwa mabwana wa chumvi wa mjini, waliokuwa wakitawala halmashauri. Halmashauri ilipowataka wenye hisa hao watoe fungu kubwa la mapato yao kulipia madeni, walikataa. Ugomvi ukaendelea kuanzia 1446 hadi 1462. Papa aliwatenga wajumbe wa halmashauri na Kanisa, wananchi wakawaondoa madarakani, na meya Johann Springintgut akafungwa katika mnara wa ukuta wa mji, akafia humo mwaka 1455. Kwangu mimi huu ndio mkasa wenye mafunzo mengi kuliko yote ya Lüneburg, kwa sababu hakuna adui wa nje ndani yake. Ni watu waliokula pamoja kutoka kisima kimoja, wakashindwa kuelewana nani alipe deni.

Kisha mambo yakageuka. Katika karne ya 16 heringi walipungua sana kwenye maji yale, na chumvi ya bei nafuu iliyoanikwa juani pwani ya Ufaransa ikaingia Baltic kwa meli. Hansa ikadhoofika, na Lüneburg pamoja nayo. Umaskini huo ndio uliotuhifadhia mji. Miji iliyoendelea kutajirika ilibomoa nyumba zake za kale na kujenga mpya, lakini Lüneburg haikuwa na fedha za kufanya hivyo. Ndiyo maana ukisimama leo kwenye uwanja wa Am Sande unazungukwa na safu za nyumba za matofali ya kuchoma zenye vipaa vilivyopanda kwa ngazi, na pembeni mwa milango na madirisha matofali yamesokotwa mfano wa kamba. Bandarini Ilmenau imesimama winchi ya mbao ambayo umbo lake la sasa ni la 1797. Nguvu yake ilikuwa miguu ya watu waliotembea ndani ya magurudumu makubwa. Mwaka 1840 winchi hiyo ilipakua garimoshi lililoletwa kutoka Uingereza, lenye uzito wa tani kama 9.

Katika mji huo uliofifia, mwaka 1700 kijana wa miaka 15, Johann Sebastian Bach, alikuja kuimba katika kwaya ya kanisa la Mtakatifu Mikaeli, akasoma hapo mpaka 1702.

Vita Kuu ya Pili haikuuharibu sana mji huu, na kwa sababu hiyo ukaangukiwa na mzigo wa aina nyingine. Tarehe 4 Mei 1945, kwenye kilima cha Timeloberg nje kidogo ya mji, majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, Denmark na Uholanzi yalijisalimisha kwa Fildi Mashali wa Uingereza Bernard Montgomery. Siku 19 baadaye Heinrich Himmler, mkuu wa kikosi cha Wanazi cha SS, alijiua kwa sumu mjini humo akiwa mikononi mwa Waingereza. Mwezi Septemba mwaka huohuo, katika ukumbi wa mazoezi ya viungo, ilianza kesi ya washtakiwa 45 waliohudumu katika kambi ya mateso ya Bergen-Belsen, na 11 wakahukumiwa kifo. Miaka 70 baadaye, mwaka 2015, mahakama ya Lüneburg ilimhukumu Oskar Gröning, aliyekuwa mwenye kuhesabu fedha za waliouawa katika kambi ya Auschwitz, kifungo cha miaka minne. Haki ilichelewa mno, lakini mji haukukwepa kuisikiliza.

Kuna jambo moja ambalo waongozaji wa watalii wamelirudia sana: kwamba Nyika ya Lüneburg, ile nchi pana ya vichaka vifupi vinavyochanua zambarau kila Agosti, ilitokana na misitu kukatwa kwa ajili ya kuni za kiwanda. Ushahidi wa chavua zilizonaswa katika matabaka ya matope ya kale unasema vingine. Nyika ilianza maelfu ya miaka kabla ya kiwanda, pale wakulima wa kwanza walipofyeka na kulisha mifugo kwenye mchanga usio na rutuba. Kiwanda kilikula misitu mingi, ila nyika ilidumu kwa sababu ya kondoo, na leo inahifadhiwa kwa kondoo wa aina hiyohiyo, wenye pembe. Wakiondolewa, misonobari na miti mingine huota tena.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1980, baada ya zaidi ya miaka elfu moja, na sehemu ya majengo yake ikawa makumbusho ya chumvi mwaka 1989. Ardhi, hata hivyo, haijaacha kutitia. Kila pipa la maji ya chumvi lililotolewa liliacha nafasi tupu chini, na uchimbaji ulipokoma maji ya ardhini yaliendelea kuyeyusha chumvi yenyewe kama yalivyofanya kabla ya binadamu kufika. Sehemu iliyo hatarini ni mtaa wa magharibi, juu ya kuba. Kanisa la Mtakatifu Lambert, lililokuwa la wafanyakazi wa chumvi, lilipasuka na kuinama mpaka likabomolewa miaka ya 1860 na 1861. Ndani ya kanisa la Mtakatifu Mikaeli nguzo zinaonekana kwa macho kuwa hazijanyooka.

Katika miaka ya 1970 wengi waliona mtaa huo wa magharibi haufai ila kusafishwa na kujengwa upya. Mchongaji Curt Pomp alikataa. Mwaka 1974 alianzisha chama cha kuutetea mji wa kale, na watu wake wakaanza kuzikarabati nyumba moja baada ya nyingine kwa chokaa na mbao za jadi, vifaa vinavyostahimili kujongea kwa ukuta kuliko saruji ngumu. Mtaa uliotakiwa kuvunjwa sasa ndio watu wanaoufuata kuutazama. Wapimaji nao hurudi mara kwa mara kwenye alama zilizopigiliwa kwenye nyumba ili kujua ni wapi ardhi imeshuka, na kwa kiasi gani. Kasi haifanani: mahali pengine ni milimita chache kwa mwaka, pengine ni sentimita kadhaa. Katika barabara ya Frommestraße hata katika karne hii imebidi baadhi ya nyumba zibomolewe, huku nyumba za hatua chache kutoka hapo zikiendelea kukaliwa.