Pamba ikikunja majani, usikimbilie kumlaumu mdudu

Msafiri anayetoka Elwak kwenda Wajir hupita Kutulo, mji mdogo uliozungukwa na nyika, ngamia na mbuzi. Huko asitarajie kuona pamba, maana mmea huu hauendi pasipo maji. Lakini akiteremka hadi Garissa na kuufuata Mto Tana kuelekea Bahari Hindi, mambo hubadilika. Ukingoni mwa mto kuna migomba, miembe, mipapai na nyanya. Mbele zaidi, katika Kaunti ya Tana River, iko miradi ya kunyunyizia maji mashamba ya Bura na Hola, ambayo kwa miaka mingi jina lake na pamba vilikuwa kitu kimoja.

Mradi wa Hola ulianza katika miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, na mifereji yake ilichimbwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau. Ni hapo ambapo wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo mnamo Machi 3, 1959. Bura ilifuata miaka ya mwisho ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na familia kutoka pembe zote za Kenya zikapewa mashamba kuanzia mwaka 1981. Pamba ndiyo iliyotazamiwa kuwalipa. Kisha Tana ukahama mkondo wake huko Hola mnamo 1989, nazo pampu za Bura zikawa za kukorofisha kila mara. Bei mbaya na nguo za mitumba zikamaliza kilichosalia. Baadaye mahindi na mpunga vikachukua nafasi kubwa.

Pamba sasa inazungumzwa upya. Desemba 2019 serikali iliidhinisha upanzi wa pamba ya Bt, ambayo hujikinga na funza watobozi wa matunda yake. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mbegu hiyo ilitengenezwa kupambana na funza tu. Dawa ya kuua magugu ikiifikia, itaungua kama pamba nyingine yoyote.

Chakula cha mmoja, sumu ya mwingine

Mahali penye maji na jua kali, magugu humea usiku na mchana. Kupalilia kwa jembe ni kazi ya kuvunja mgongo, na vibarua hutaka pesa taslimu. Si ajabu basi kwamba wakulima wengi hukimbilia dawa. Tatizo ni kwamba katika eneo la mifereji, mahindi, mpunga na pamba huweza kupakana, pengine kitenganishi kikiwa tuta moja tu.

Chukua mfano wa dawa iitwayo 2,4-D, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1940. Inafanana na kichocheo kinachouongoza mmea kukua. Mimea ya jamii ya nyasi, kama mahindi, mpunga na mtama, huivumilia. Mimea ya majani mapana hukua ovyo ovyo hadi ikafa. Pamba ni ya majani mapana, na ni miongoni mwa mimea inayodhurika upesi mno kwa dawa hiyo. Mabaki yaliyosalia katika pampu ya mgongoni ambayo haikuoshwa vyema yanatosha kuharibu shamba.

Tuseme baba mmoja ana ekari mbili za pamba, na karo ya watoto inategemea mavuno hayo. Asubuhi moja anakuta vichwa vya miche vimepinda. Anadhani ni wadudu, anakopa pesa na kununua dawa ya wadudu. Wiki ya pili majani mapya yanatoka yamekunjamana zaidi, naye ananyunyiza tena. Fedha zimekwenda, wadudu hawakuwapo, na pengine pampu anayotumia ndiyo yenye kosa. Kumbe ugonjwa wenyewe ulikuwa umejiandika kwenye jani, akikosekana tu wa kuusoma.

Jani linavyosema

Alama za kwanza za 2,4-D huonekana haraka, hata kwa siku moja au mbili: shina na vikonyo vya majani hujipinda. Baada ya wiki moja au mbili, majani mapya huchipuka membamba yenye ncha ndefu, mfano wa vidole au mguu wa chura, na mishipa yake hulala sambamba badala ya kutawanyika. Majani yaliyokuwa yamekomaa kabla ya dawa kufika hubaki na umbo lake la kawaida. Kwa hiyo mmea huwa kama shajara: ukihesabu majani kutoka chini kwenda juu, utajua takriban ni lini mambo yalipoharibika.

Glaifoseti ina tabia tofauti. Hufanya kazi polepole, na huchukua siku kadhaa kabla ya mkulima kushtuka. Majani machanga ya juu hupauka na kuwa manjano, mmea hukoma kurefuka, na matumba ya maua huanguka. Huko Marekani kuna pamba iliyobadilishwa ili iivumilie dawa hii, nayo imekuwa ikipandwa tangu 1997. Asidhani mkulima wa Tana kwamba yake ni hiyo.

Parakwati haina subira. Popote tone lilipotua, hapo panaungua siku hiyo hiyo au kesho yake na kubaki doa kavu la kahawia. Lakini jani jipya litakalotoka baadaye huwa safi, kwa sababu dawa hiyo haisafiri sana ndani ya mmea.

Atrazini, inayotumiwa sana kwenye mahindi, huweza kubaki udongoni na kumngojea mgeni wa msimu ujao, hasa penye ukame na udongo wenye magadi. Pamba ikipandwa hapo, majani ya chini, yaani yale ya zamani, ndiyo huanza kugeuka manjano kwenye kingo na katikati ya mishipa, kisha yakakauka. Dawa nyingine zinazochanganywa na udongo kabla ya kupanda, kama vile pendimethalini, zikizidi kipimo hushambulia mizizi. Ng'oa mche mmoja uutazame: mizizi ya pembeni huwa mifupi na minene kama vijiti vilivyokatwa.

Tazama shamba zima

Jani moja halitoshi kutoa hukumu. Mkulima asimame mahali pa juu alitazame shamba lote. Dawa iliyopeperushwa na upepo hudhuru zaidi upande unaopakana na jirani, na madhara hupungua kadiri unavyoingia ndani. Dawa iliyozidishwa na mnyunyizaji huacha mistari, au huchoma zaidi mwisho wa matuta anapogeukia. Pampu chafu huonyesha ubaya wake mahali alipoanzia kazi.

Magonjwa na wadudu hawafuati mistari namna hiyo. Huanza na mche mmoja hapa, kikundi kule, kisha huenea siku baada ya siku. Geuza jani utazame chini yake. Vidukari huonekana, na huacha utomvu unaonata. Vijidudu vya kijani virukavyo hukunja kingo za jani kuelekea chini, zikawa manjano kisha nyekundu. Chumvi ya udongo nayo huchoma kingo za majani, lakini hupendelea mabonde na mahali maji yanaposimama.

Ushahidi mwingine ni magugu. Ikiwa mimea ya majani mapana mpakani, pamoja na nyanya na mipapai, yote imepinda huku nyasi zikiwa nzima, hakuna haja ya kumtafuta mdudu.

Upepo hauna mpaka

Katika joto la Garissa, ambalo mara nyingi hupita nyuzi 35, baadhi ya aina za 2,4-D hugeuka mvuke na kusafiri mbali hata baada ya mnyunyizaji kurudi nyumbani. Upepo mkali wa mchana ni hatari iliyo wazi. Wengi hawajui kwamba alfajiri iliyotulia kabisa nayo si salama, kwani ukungu wa dawa huelea karibu na ardhi na kwenda usikotaka. Afadhali kijiupepo kidogo kinachovuma kwa utaratibu na kuelekea mbali na pamba.

Hata nchi zenye mitambo mikubwa hazijaepuka janga hili. Mwaka 2017 nchini Marekani, dawa ya dikamba ilipeperuka na kudhuru soya katika eneo lililokadiriwa kuwa ekari milioni 3.6. Majirani walioishi vyema kwa miaka mingi walifikishana mahakamani.

Afanyeje basi?

Kwanza, asing'oe pamba kwa hasira. Mche uliopatwa ungali mdogo mara nyingi hutoa matawi mapya, ingawa mavuno hukawia. Uliopatwa wakati wa matumba ya maua hupoteza zaidi. Angoje wiki mbili au tatu aone kama machipukizi mapya yanarudia umbo lake, akiendelea kuupa mmea maji na kuuepusha na dawa nyingine.

Pili, aandike: tarehe, aina ya dawa, upepo ulikotoka, nani alinyunyiza. Achukue picha na kumwita afisa wa kilimo mapema, kabla ya alama kufifia. Mazungumzo na jirani huwa na heshima zaidi yakiwa na ushahidi.

Tatu, pampu ya magugu iwe ya magugu tu. Ikilazimu kutumia moja, ioshwe mara tatu kwa maji na sabuni, pamoja na mpira na mdomo wake, mbali na mfereji. Anayeshuku udongo wake na apande mbegu chache za maharagwe kwenye kopo lenye udongo huo. Zikiota na kunawiri kwa wiki tatu, ni dalili njema. Jaribio hili hata mwanafunzi wa Nairobi aweza kulifanya kwenye roshani.

Mwisho, akina mama na akina baba, mkebe wa dawa usigeuzwe chombo cha maji wala maziwa, hata ukioshwa namna gani. Utobolewe usitumike tena. Nao wafugaji wanaoshuka Tana wakati wa ukame wasiingize mifugo katika shamba lililonyunyizwa bila kuuliza.

Wahenga walinena, vyaelea vimeundwa. Shati la pamba ulilovaa leo lilianza na jani, na kuna mtu aliyelazimika kulitazama vizuri kabla ya kutia mkono mfukoni.